Kabla ya jina kuitwa: jinsi walinzi wa vyuo vikuu vya Marekani wanavyopimwa kuingia NFL

Usiku wa tarehe 28 Aprili 2022, mjini Las Vegas, klabu ya Jacksonville Jaguars ilikuwa na haki ya kuchagua kabla ya klabu nyingine zote miongoni mwa vijana waliokuwa wakitoka vyuo vikuu kwenda NFL, ligi ya kulipwa ya kandanda ya Kimarekani. Majina mawili ya walinzi wanaofanya kazi moja yalikuwa yamejadiliwa kwa miezi kadhaa. Aidan Hutchinson wa Chuo Kikuu cha Michigan alikuwa amemwangusha mrushaji wa wapinzani mara 14 katika msimu mmoja, na alishika nafasi ya pili katika kura ya tuzo ya Heisman, ile anayopewa mchezaji bora wa vyuo vyote. Travon Walker wa Chuo Kikuu cha Georgia alikuwa ameangusha mara 6 tu. Jaguars wakamchagua Walker.

Uamuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Majuma machache kabla, Walker, kijana wa kilo 123, alikuwa amekimbia yadi 40, yaani mita 36 na nusu, kwa sekunde 4.51. Wanaume wenye uzito huo kwa kawaida hawakimbii hivyo. Mikono yake ilipimwa ikaonekana na urefu wa sentimita 90, ilhali ya Hutchinson haikufika sentimita 82. Waliompigia debe Walker walisema kwamba wanachagua atakavyokuwa. Waliomtetea Hutchinson walijibu kwamba kijana aliyekwisha kuionyesha kazi uwanjani hahitaji kutabiriwa. Detroit Lions, waliokuwa na nafasi ya pili, walimchukua Hutchinson bila kukawia.

Ubishi huo hurudi kila mwaka kwa majina mapya, na huwa mkali zaidi wachezaji wanaopimwa wanapokuwa walinzi.

Drafti ni nini?

Neno drafti kwa msemaji wa Kiswahili huleta picha ya ubao wa miraba na vizibo vya soda barazani. Drafti ya NFL ni jambo jingine, ingawa nayo ina subira na mahesabu yake. Ni utaratibu ulioanza mwaka 1936 kwa pendekezo la Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, aliyechoshwa na kuona klabu tajiri zikinyakua vijana wote wazuri. Kanuni yake ni kwamba timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huchagua kwanza, na bingwa huchagua mwisho. Leo klabu ni 32, raundi ni 7, na zaidi ya majina 250 huitwa kwa muda wa siku tatu. Mchezaji hawezi kuingia kabla ya kupita miaka mitatu tangu amalize shule ya sekondari. Kijana hachagui klabu, klabu ndiyo inayomchagua yeye. Hata hivyo anaweza kukataa kucheza: Jay Berwanger, wa kwanza kabisa kuitwa mwaka ule wa 1936, hakucheza mchezo hata mmoja wa NFL.

Nafasi anayoitiwa mchezaji ndiyo inayopanga mshahara wake wa miaka minne ya mwanzo. Wa kwanza huhakikishiwa makumi ya mamilioni ya dola. Wa raundi ya saba hupata mkataba unaoweza kuvunjwa kabla msimu haujaanza. Kwa hiyo sehemu ndogo ya sekunde, au sentimita mbili za mkono, zina bei inayojulikana.

Kazi ya mlinzi ni kujibu

Ili kuelewa kwa nini mlinzi ni mgumu kupimwa, ni vyema kukumbuka jinsi mchezo wenyewe ulivyo. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Upande wenye mpira hukutana, hupeana mpango, na kila mmoja huondoka akijua atakwenda wapi na kwa hatua ngapi. Mlinzi haujui mpango huo. Husimama akitazama dalili: mguu wa mpinzani uliorudi nyuma kidogo, jicho la kwotabeki, yaani mchezeshaji anayerusha mpira, au mwili wa mtu mmoja wa mstari wa mbele ulioegemea upande usio wa kawaida. Kisha katika muda usiofika sekunde moja huamua kama mpira utakimbizwa au utarushwa, na mwili wake huufuata uamuzi huo. Akikosea kusoma, kasi yake yote humpeleka mahali pasipo na mpira.

Walinzi wenyewe si wa aina moja. Wapo wa mstari wa mbele, watu wakubwa wanaogongana na ukuta wa wapinzani. Wale wa kati huziba njia, na wale wa ukingoni humkimbilia kwotabeki. Nyuma yao husimama malainbeka, wanaotakiwa kuwa na nguvu za wale wa mbele na wepesi wa wale wa nyuma. Mwisho kabisa wapo walinzi wa pembeni na walinzi wa mwisho, wanaokimbizana na wapokeaji mpira uwanja mzima, mara nyingi wakikimbia kinyumenyume. Hakuna kipimo kimoja kinachowafaa wote hao, na klabu nyingi zimelipa gharama kubwa kwa kulisahau hilo.

Macho ya msaka vipaji

Kazi huanza mapema, karibu mwaka mzima kabla ya drafti. Kila klabu ina wasaka vipaji waliogawiwa majimbo, ambao husafiri kutoka chuo hadi chuo, husimama kando ya uwanja wa mazoezi, na huzungumza na makocha, waganga wa timu, walimu, na hata mtu anayetunza vifaa. Huyo wa mwisho hupuuzwa na wageni, lakini wasaka vipaji wenye umri humtafuta kwanza, kwa kuwa ndiye anayejua mchezaji gani hutupa nguo chini na nani husalimia.

Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika gizani, mbele ya kioo. Michezo ya vyuo hupigwa picha kutoka juu, kwa namna inayowaonyesha wachezaji wote 22 kwa pamoja. Msaka vipaji hutazama tukio moja mara tano au sita, na kila mara hutazama kitu tofauti. Mara ya kwanza hutazama hatua ya kwanza tu: je, mlinzi wa ukingoni aliondoka pamoja na mpira, au aliondoka baada ya kumwona jirani yake akiondoka? Mara ya pili hutazama mikono, kwa kuwa mlinzi anayeacha mikono ya mpinzani itangulie kufika kifuani mwake ameshapoteza vita, hata awe na nguvu kiasi gani. Kwa walinzi wa nyuma hutazama nyonga, namna kijana anavyogeuka kutoka kukimbia kinyumenyume hadi kukimbia mbele bila kuinuka wala kupoteza mwendo. Hutazama pia matukio ambayo mpira uko mbali. Mlinzi anayeendelea kukimbia upande wa pili wa uwanja wakati tukio limekwisha kumpita anaandikwa daftarini, na anayesimama mikono kiunoni naye anaandikwa.

Takwimu huja baadaye, na kwa walinzi takwimu ni shahidi asiyeaminika sana. Inayotajwa zaidi huitwa seki, yaani kumwangusha kwotabeki kabla hajaurusha mpira. Walinzi wawili wakimwangusha pamoja, kila mmoja huandikiwa nusu. Mlinzi anaweza kupata seki kwa sababu mwenzake amemfukuza kwotabeki hadi mikononi mwake. Anaweza pia kukosa seki msimu mzima huku kila kwotabeki akirusha mpira kwa haraka na kwa hofu kwa sababu yake.

Kisa cha Odafe Oweh, aliyezaliwa na wazazi kutoka Nigeria, ni mfano ulio wazi. Katika msimu wake wa mwisho Penn State, mwaka 2020, alicheza michezo saba na hakupata seki hata moja. Mtu aliyesoma jedwali peke yake angemwacha. Baltimore Ravens walitazama picha, wakaona jinsi alivyokuwa akiwasukuma wapinzani nyuma na kuwalazimisha kubadili mipango, wakatazama na kasi yake, na wakamchukua wa 31 mwaka 2021. Ilimchukua muda, lakini msimu wa 2024 alimaliza na seki 10.

Walker wa Georgia naye alikuwa na hoja ya namna hiyo. Timu yake ya mwaka 2021 ilikuwa na walinzi wengi wazuri kiasi kwamba watano kati yao waliitwa katika raundi ya kwanza ya drafti ile ile ya 2022, na mpango wa makocha uliwataka walinzi wa mbele washike nafasi zao kwanza kabla ya kumkimbilia kwotabeki. Mlinzi mtiifu katika mpango kama huo huonekana dhaifu kwenye karatasi.

Kwa walinzi wa pembeni hali ni ya kushangaza zaidi. Makwotabeki hawarushi mpira upande wa mlinzi wanayemwogopa, hivyo aliye bora anaweza kumaliza msimu akiwa na mipira michache aliyoinasa kuliko mwenzake wa kawaida anayechokozwa kila dakika. Ahmad Gardner, anayejulikana zaidi kwa jina la Sauce, alijulikana Cincinnati kwa jambo ambalo halikutokea: hakuna mpokeaji aliyefunga mguso dhidi yake katika miaka yake ya chuo. New York Jets walimchukua wa nne mwaka 2022, na mwishoni mwa msimu alitangazwa mlinzi bora miongoni mwa wachezaji wapya.

Wiki ya Indianapolis

Tangu mwaka 1987, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, wachezaji zaidi ya 300 hualikwa Indianapolis kwa juma la vipimo mbele ya klabu zote. Watazamaji wa televisheni huona mbio na kuruka. Madhumuni ya awali yalikuwa ya kitabibu: badala ya kijana kusafirishwa nchi nzima akaguliwe na madaktari wa kila klabu, madaktari wote wangekutana naye mahali pamoja.

Vipimo vya mwili vinajulikana. Kijana hupimwa urefu, uzito, mkono na kiganja. Hukimbia yadi 40, na muda wa yadi 10 za mwanzo huandikwa peke yake, jambo lenye maana zaidi kwa mlinzi wa mbele, ambaye ni nadra kukimbia yadi 40 akiwa mchezoni. Huruka juu na mbele. Hunyanyua chuma cha kilo 102 akiwa amelala chali, mara nyingi awezavyo. Hukimbia kuzunguka koni tatu, na kipimo hiki kisicho na mvuto kwa watazamaji kinathaminiwa na wasaka vipaji wengi kwa walinzi wa ukingoni, kwa sababu huonyesha kama mtu mzito anaweza kuinama na kupinda kona bila kupunguza mwendo.

Mara nyingine huonekana mambo ya ajabu. Mwaka 2015, mlinzi wa pembeni Byron Jones aliruka mbele kwa miguu miwili, bila kukimbia kwanza, mita 3.73, umbali ambao haukuwahi kuandikwa popote kabla ya hapo. Mwaka 2022, Jordan Davis, mmoja wa wale watano wa Georgia, mwenye uzito wa kilo 155, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.78. Na mwaka 2018, Shaquem Griffin, lainbeka aliyekatwa mkono wa kushoto akiwa mtoto, alivaa mkono wa bandia akanyanyua chuma mara 20, kisha akakimbia kwa sekunde 4.38. Ukumbi ulishangilia. Seattle walimwita katika raundi ya tano, wa 141.

Ila historia ya vipimo hivi ina makaburi pia. Mwaka 1995 Mike Mamula wa Boston College alifanya jambo ambalo wachache walikuwa wamelifikiria: alijifunza vipimo vyenyewe, akavifanyia mazoezi kama mwanafunzi anayekariri maswali ya mtihani uliopita. Alipanda hadi nafasi ya saba, na Philadelphia walibadilishana nafasi na Tampa Bay ili wampate. Mamula hakuwa mchezaji mbaya. Alicheza misimu mitano na kupata seki 31 na nusu. Lakini Tampa Bay, kwa kushuka hadi nafasi ya 12, walimpata Warren Sapp, na nafasi za ziada walizopewa ziliwasaidia kumpata Derrick Brooks. Walinzi hao wawili sasa wamo katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo.

Vernon Gholston ni kisa kizito zaidi. Mwaka 2008, akitokea Ohio State, alinyanyua chuma mara 37, na mwili wake ulionekana kama umechongwa kwa ajili ya kazi hii. New York Jets walimwita wa sita. Alikaa misimu mitatu, akacheza michezo 45, na hakupata seki hata moja.

Upande wa pili wa mizani yupo Terrell Suggs. Mwaka 2002 aliweka rekodi ya vyuo kwa seki 24 katika msimu mmoja akiwa Arizona State, kisha akakimbia yadi 40 kwa muda wa karibu sekunde 4.8, polepole kwa kijana aliyetarajiwa kuwa juu kabisa. Baadhi ya klabu ziliogopa. Ravens walimkuta bado yupo katika nafasi ya kumi. Alistaafu akiwa na seki 139. Aaron Donald naye, mlinzi wa kati kutoka Pittsburgh, alikuwa na vipimo bora vya kasi na nguvu, lakini urefu wake wa sentimita 185 na kilo zake 129 zilionekana ndogo kwa kazi ya watu wa kilo 140. Klabu kadhaa zilimruka mwaka 2014 hadi Rams wakamchukua wa 13. Alichaguliwa mlinzi bora wa ligi mara tatu.

Ni kosa kusema, kama wanavyopenda baadhi ya mashabiki, kwamba vipimo havina maana. Myles Garrett alikuwa na vipimo vya kutisha mwaka 2017, Cleveland wakamwita wa kwanza kwa sababu hiyo na kwa sababu ya picha zake za Texas A&M, na mwaka 2023 akatangazwa mlinzi bora wa ligi. Tofauti ni kwamba kwa Garrett vipimo vilithibitisha kilichokwisha kuonekana uwanjani. Kwa Gholston viliwekwa mahali pa kile ambacho hakikuonekana. Isitoshe, jaribio la Indianapolis halimwulizi mlinzi swali lolote. Anajua atakimbilia wapi kabla hajaanza, na kujua huko ndiko anakokosa siku ya mchezo.

Chumba cha daktari, chumba cha maswali

Yanayoamua hatima ya kijana mara nyingi hayapigwi picha. Jaylon Smith wa Notre Dame alihesabiwa miongoni mwa malainbeka bora wa kizazi chake. Tarehe 1 Januari 2016, katika mchezo wake wa mwisho wa chuo, goti lake lilivunjika vibaya na mshipa wa fahamu wa mguu ukaumia. Kijana aliyetarajiwa kuitwa miongoni mwa watano wa kwanza alikaa usiku mzima wa raundi ya kwanza bila jina lake kutajwa. Dallas Cowboys walimwita siku ya pili, wa 34. Daktari wa klabu hiyo ndiye aliyemfanyia upasuaji, hivyo walikuwa na ujuzi ambao wengine hawakuwa nao kuhusu uwezekano wa mshipa ule kuamka. Alikaa nje mwaka mzima. Mwaka 2019 aliteuliwa katika kikosi cha nyota wa ligi.

Maurice Hurst wa Michigan alirudishwa kutoka vipimo vya 2018 baada ya madaktari kuona tatizo moyoni, akashuka hadi raundi ya tano. Hapa hapana wa kulaumiwa. Daktari anayetia shaka huenda anaokoa maisha, na kijana anayeshuka hupoteza fedha ambazo hazitarudi.

Kisha kuna mahojiano. Kila klabu hupewa dakika zisizozidi 20 kwa mchezaji mmoja. Huonyeshwa tukio alilokosea msimu uliopita na kuulizwa lilitokeaje. Anayemtupia lawama mwenzake hujiharibia. Makocha humchorea mpango wa ulinzi ubaoni, humzungumzisha mambo mengine, kisha humtaka auchore tena kwa kumbukumbu. Hiki ndicho kipimo kilicho karibu zaidi na kazi yenyewe, na hakionyeshwi hadharani.

Si maswali yote yaliyokuwa ya heshima. Kwa miaka mingi wachezaji walisimulia kuulizwa kuhusu mama zao na maisha yao ya faragha kwa namna ya kuwadhalilisha, kwa kisingizio cha kupima ustahimilivu. Wakosoaji walilifananisha juma zima, ambamo vijana wengi weusi hupimwa mwili wakiwa nusu uchi mbele ya watu wanaotaka kuwaajiri, na mnada wa watumwa. Mwaka 2022 ligi iliziarifu klabu kwamba itakayouliza maswali ya kudhalilisha inaweza kunyang'anywa nafasi ya kuchagua na kutozwa faini isiyopungua dola 150,000. Mwaka huo huo mtihani wa maandishi uitwao Wonderlic, uliolalamikiwa kwa muda mrefu, uliondolewa.

Je, klabu huwa sahihi mara ngapi?

Wachumi Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akiwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017, walichunguza drafti za miaka mingi. Waliuliza swali jepesi: mchezaji akilinganishwa na anayefuata kuchaguliwa katika nafasi ile ile ya uwanjani, huwa bora kwa kiasi gani cha uhakika? Jibu lilikuwa asilimia 52. Kwa maneno mengine, baada ya safari zote, picha zote na vipimo vyote, kumpambanua wa kwanza na wa pili kunakaribia kurusha sarafu. Klabu huona vizuri zinapotenganisha kundi la juu na la chini. Hukosea zinapojiamini kutofautisha waliokaribiana, na hukosea kwa gharama kubwa zaidi zinapotoa nafasi nyingi za baadaye ili kumpata mtu mmoja.

Hata kundi la chini huwa na waliofichika. Richard Sherman wa Stanford alianza chuo akiwa mpokeaji mpira, akahamia ulinzi akiwa amebakiza misimu miwili. Mwaka 2011 aliitwa wa 154. Picha zake zilionyesha mtu ambaye bado anajifunza, na klabu nyingi ziliishia hapo. Seattle waliona mlinzi wa pembeni mrefu kuliko kawaida, mwenye mikono mirefu, anayejua mawazo ya wapokeaji kwa kuwa alikuwa mmoja wao. Miaka mitatu baadaye alikuwa bingwa wa Super Bowl.

Waafrika watatu wa mwaka 2013

Kwa Waafrika, mwaka 2013 ulionyesha milango mitatu tofauti ya kuingilia, na wote watatu walioipita walikuwa walinzi.

Ezekiel Ansah alitoka Ghana kwenda Chuo Kikuu cha Brigham Young, jimbo la Utah, mwaka 2008. Alijaribu mpira wa kikapu, hakuchukuliwa. Alikimbia riadha. Mwaka 2010 alijiunga na timu ya kandanda bila kuujua mchezo, na inasimuliwa kwamba ilibidi aonyeshwe namna ya kuvaa vifaa vya kujikinga. Katika maisha yake yote ya chuo alipata seki 4 na nusu tu. Kwa kijana aliyecheza mchezo huu miaka mitatu, wasaka vipaji walikuwa wakisoma kitabu chenye kurasa chache, na Detroit wakaamua kwamba kurasa hizo zinatosha. Walimwita wa tano, na mwaka 2015 alipata seki 14 na nusu.

Andy Mulumba, mzaliwa wa Kongo aliyekulia Montreal nchini Kanada, alicheza katika Chuo Kikuu cha Eastern Michigan, mbali na kamera za televisheni. Raundi zote saba zilipita bila jina lake. Wachezaji wa namna hiyo hupigiwa simu dakika chache baada ya drafti kufungwa, na Green Bay Packers walimchukua hivyo. Alipata nafasi katika kikosi na kucheza msimu huo huo, kabla ya goti kumwangusha mwaka 2014.

Wa tatu alikuwa Mkenya, Daniel Adongo, mcheza raga aliyekuwa amecheza New Zealand na Afrika Kusini. Hakuwahi kusoma wala kucheza chuo cha Marekani, hivyo hapakuwa na picha ya kutazama ila ya mchezo mwingine. Indianapolis Colts walimsajili wakamfanya lainbeka, na kabla mwaka haujaisha akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika NFL. Kasi na nguvu alikuwa nazo. Kilichokosekana ni yale maelfu ya matukio ambayo kijana wa Marekani huwa ameyaona tangu shule, yanayomfundisha kusoma mguu uliorudi nyuma kidogo. Alitumika zaidi katika vikosi vya mipira ya kupigwa kwa mguu, mahali ambapo mlinzi hukimbia moja kwa moja na husoma machache, na Colts walimwachia mwaka 2015.

Tangu wakati huo NFL imeanza kuwatafuta vijana Afrika wenyewe. Kambi ya kwanza ilifanyika Accra mwaka 2022, na ya mwaka uliofuata ikafanyika Nairobi, zikiongozwa na Osi Umenyiora, mlinzi wa ukingoni mwenye asili ya Nigeria aliyeshinda Super Bowl mbili akiwa na New York Giants. Vijana wa Nairobi walipimwa kwa saa na koni zile zile za Indianapolis. Waliofanya vizuri hupelekwa kwanza mahali pa mafunzo, wakatazame picha na kujifunza kusoma, kabla ya klabu yoyote kuombwa iwatazame.